Maswali Manne Juu ya Kibanja cha Clavery

Muleba,
17 Februari 1974

Kwako Baba Mdogo Ildefons,

Pokea salamu za nyumba nzima, za kwangu zikitangulia. Baba bado anakohoa, na ukimtajia zahanati anachukua jembe anaondoka. Mama ni mzima. Ng'ombe amezaa ndama jike na Baba anamtembelea kila asubuhi, zaidi ya anavyonitembelea mimi, mwanawe. Natumaini nanyi huko Rwamishenye hamjambo, na kwamba zile ngazi za ofisini hazijakumaliza magoti.

Sasa shida yangu. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Josia, amenipa Darasa la Sita, watoto arobaini na mmoja, na mwaka huu lazima wajue insha ya maelezo. Kusimulia wanajua sana. Ukiwaambia waandike juu ya fisi wanakujazia daftari. Lakini niliwapa "Zao la Kahawa", na watoto thelathini na tano wakaanza hivi: "Kahawa ni zao muhimu sana kwa taifa letu." Baada ya hapo wanaishukuru serikali, wanawasalimu wakulima, kwisha. Hawa ni watoto waliozaliwa chini ya mibuni! Hakuna hata mmoja aliyesema kahawa huanikwa juu ya nini.

Wewe ulifundisha miaka ishirini kabla hawajakupeleka ofisi ya elimu. Nisaidie. Nimechoka kusahihisha hotuba.

Ni mimi mwanao,
Joviana

*

Rwamishenye, Bukoba,
3 Machi 1974

Mwanangu Mwalimu Joviana,

Barua yako nimeipata na nimeisoma nikicheka peke yangu, hata mwenzangu wa meza ya pili akadhani nimepandishwa cheo. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, kama ulivyobashiri. Mwambie kaka aende zahanati. Nawe usimwambie kwamba nimesema mimi.

Watoto wako hawana kosa. Wanaanza kuandika kabla ya kujua wana nini mkononi. Wanyang'anye kalamu kwa wiki nzima. Wape maswali manne tu: Nani? Wapi? Tangu lini? Kwa nini? Wakaulize nyumbani, wakatazame kwa macho yao, warudi na vijineno vifupi kwenye karatasi. Halafu wavikate vile vijineno vipande vipande, wavipange juu ya dawati, wavihamishe mpaka kila kimoja kikae na ndugu zake. Kila kundi ndiyo aya. Hapo ndipo uwarudishie kalamu. Mtoto akikosa jibu la swali moja, mrudishe akaulize. Insha yenye shimo utaiona tu, hata imepambwa vipi.

Waanze na kitu wanachokijua kuliko wewe. Mimi ningewapa "Kibanja Chetu", yaani nyumba na migomba na mibuni inayoizunguka. Watembee kwenye mpaka kwanza, kwenye ile miti ya milamula, kisha waingie ndani mpaka mlangoni, hadi makaburini. Zikitoka nzuri nitumie. Tunakusanya insha za mfano za kijitabu cha shule za wilaya.

Je, kile kibanja cha jirani yenu Clavery, kinachopakana na cha kaka, bado kinalimwa? Nauliza tu.

Wako,
Ildefons Rwegasira

*

Muleba,
28 Aprili 1974

Mpendwa Baba Mdogo,

Tunakusalimu katika mvua hizi ambazo zimeifanya barabara yetu kuwa mto. Mama anasema asante kwa sabuni. Baba alikwenda zahanati. Tulimdanganya kwamba ndama ndiye mgonjwa, alipofika wakamshika yeye.

Maswali yako manne yamefanya kazi mpaka nimeogopa. Mwanzoni wazee waliwafungia watoto milango. "Nani kawatuma? Mnaandikia nani?" Siku hizi kila penye kalamu watu wanasikia harufu ya kuhamishwa, na tetesi za vijiji vipya zipo kila kilabuni. Ikabidi nipite nyumba kwa nyumba nikiapa kwamba ni somo tu, kwamba karatasi hazitatoka darasani. Niliapa hivyo, Baba Mdogo. Kwa hiyo hizi nne ninazokutumia ni kwa macho yako. Za kijitabu tutabadilisha majina kwanza.

Iliyo juu ni ya Kokuberwa, mtoto wa Clavery, anayelelewa na bibi yake, Ma Kokubanza. Hakuacha swali hata moja. Soma hapa:

"Kibanja cha pili ni cha baba yangu. Mpaka wake ni milamula kumi na tisa, niliihesabu mara mbili. Baba hakai hapo tangu mwaka 1968 kwa sababu alikwenda kufanya kazi Kampala. Barua yake ya mwisho ilikuja nikiwa Darasa la Tatu. Bibi ndiye anayepunguza migomba na kuleta nyasi kutoka rweya, kule uwandani, lakini mgongo unamuuma, kwa hiyo upande wa chini umekuwa pori. Babu amezikwa katikati. Ndiyo maana Bibi hawezi kukiacha."

Nililia, nakiri. Mtoto wa miaka kumi na tatu! Nimempa alama zote na nakala yake halisi ndiyo hiyo, kondakta wa basi ataileta. Tafadhali irudi.

Nawe uliuliza habari za kibanja hicho hicho. Kwa nini?

Joviana

*

Rwamishenye,
2 Juni 1974

Mwanangu Joviana,

Salamu nyingi. Nimechelewa kujibu kwa kazi. Hapa Bukoba mvua zimekatika na ziwa limetulia. Nilikutana na shemeji yako pale Bilele akanisalimia sana.

Insha ni nzuri. Ya yule mtoto ni nzuri mno. Kijitabu bado kimekwama, mambo ya karatasi. Nitazirudisha nikipata mtu wa kuaminika.

Huo mwaka 1968, mtoto ana hakika nao? Au ni makisio?

Wasalimie wote.

Ildefons

*

Muleba,
7 Julai 1974

Baba Mdogo,

Habari za Bukoba. Sisi tunapumua. Kikohozi cha Baba kimepungua. Kahawa imeiva na mikono yetu sote imechubuka.

Jumatano alikuja bwana mmoja wa ardhi na futi ya kupimia, pamoja na katibu kata. Hawakuuliza njia. Walikwenda moja kwa moja kwenye milamula ya Clavery wakaanza kuihesabu, na walipofika kumi na tisa wakatazamana wakaitikia kwa kichwa. Kisha yule bwana akafungua karatasi iliyopigwa chapa akawasomea watu. Mwenyewe yuko nje ya nchi tangu 1968. Hakuna barua kwa miaka mitatu. Mlezi ni mzee mwenye mgongo mbovu. Upande wa chini ni pori. Akasema kibanja kilichoachwa na mwenyewe miaka mingi hivyo kinaweza kupewa mtu mwingine, na tayari yupo aliyekiomba. Akaulizwa ni nani. Akasema ni mzaliwa wa hapa hapa, basi.

Nilikuwa nimesimama pale, Baba Mdogo. Nilisikia insha ya mwanafunzi wangu ikisomwa aya kwa aya, kwa mpangilio ule ule. Kokuberwa alikuwa ubavuni mwa bibi yake. Hakulia. Alinitazama tu, nami nikatazama chini kama mwizi.

Ma Kokubanza aliniambia neno moja, kwa adabu kama siku zote: "Mwalimu, uliapa, waitu." Jioni hiyo akahamisha mkeka na chungu chake akaingia katika nyumba ya Clavery, ile iliyoezuliwa upande mmoja, ili isisemwe tena kwamba hakuna mtu. Watu hawaniitikii salamu. Uji wa shule haujaletewa kuni tangu siku hiyo.

Insha ile ilikuwa na nakala moja tu duniani, nawe ndiye uliyekuwa nayo. Iko wapi?

Joviana

*

Rwamishenye,
21 Julai 1974

Mwanangu Joviana,

Nakusalimu kwa moyo mzito. Naomba usome barua hii kwa utulivu, kama mwalimu.

Kwanza, mahali. Insha zote nne zimo katika kabati la chumba chetu cha kazi, rafu ya juu, ndani ya bahasha ya kaki.

Pili, muda. Zimekaa hapo tangu tarehe 11 Mei nilipozipokea kwa kondakta.

Tatu, sababu. Sikuzirudisha kwa kuwa kijitabu kilikuwa bado kinasubiriwa, na barabara ilikuwa mbaya.

Sasa nami nikuulize. Una hakika insha haikusomwa na mtu mwingine huko kabla ya kuja kwangu? Mwalimu Josia hakagui madaftari? Kondakta hajui kusoma? Wewe mwenyewe, kwa furaha ya alama zote ulizotoa, hukumsomea mtu? Nyakati hizi si za kumnyooshea kidole ndugu. Na barua zinafunguliwa njiani, kwa hiyo tuandike machache.

Mpe pole Ma Kokubanza.

Ildefons Rwegasira

*

Muleba,
18 Agosti 1974

Baba Mdogo,

Wote wazima, asante. Mama anauliza kama ulipata ndizi tulizotuma na basi.

Nilikuamini kwa siku tisa. Katika siku hizo tisa nilimvamia Mwalimu Josia mbele ya walimu wote nikamwuliza nani alimtuma kupekua madaftari yangu. Mzee wa watu akafungua droo yake, akaimwaga yote juu ya meza, akatoka nje. Tangu siku ile tunapeana chaki bila kutazamana. Yule kondakta naye nilimchunguza. Hajui kusoma hata jina la basi lake.

Jumatatu iliyopita yule bwana wa ardhi akarudi kufanya mkutano shuleni. Wazee wakasimama mmoja mmoja wakasema nyumba ya Clavery inakaliwa na Ma Kokubanza siku zote. Akacheka. Akasema wazee mmepanga, lakini watoto hawajui kupanga. Akaingia Darasa la Sita, akanitoa nje, akaandika ubaoni mwenyewe: "Kibanja cha Clavery. Andika insha ya maelezo." Akawapa saa moja, akasimama mlangoni na fimbo ya Mwalimu Josia.

Nilisimama chini ya dirisha. Unajua nilisikia nini? Karatasi zinachanwa. Walikuwa wanakata vijineno vyao na kuvipanga juu ya dawati, kama nilivyowafundisha.

Insha arobaini na moja. Nimezisoma zote, alinipa baada ya kuzimaliza huku jasho linamtoka. Nani? Ma Kokubanza. Wapi? Katika nyumba ya mwanawe. Tangu lini? Tangu Babu azikwe. Kwa nini? Kwa sababu Clavery huja kila Krismasi, naye humtunzia. Hakuna shimo. Kila aya imekaa na ndugu zake. Ni insha bora kuliko zote walizowahi kuandika, na ni uongo mtupu, na ya Kokuberwa ndiyo bora kupita zote. Ameeleza hata shati alilovaa baba yake Krismasi iliyopita.

Hakuna mtu aliyewafundisha kusema hivyo. Au labda ni mimi. Sijaweka alama. Kokuberwa aliniuliza, "Mwalimu, hizi utasahihisha?" Nikaanza kufuta ubao, akaondoka. Siku hizi husimama nikiingia na kunijibu "Ndiyo, Mwalimu", na hakuna zaidi. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko watu wote wasionisalimia. Kijiji nitakizoea. Huyu mtoto alinipa ukweli wa nyumba yao kwa sababu nilimwomba.

Yule bwana ameondoka na faili lake kwa shingo upande. Amesema ombi litasikilizwa tarehe 28 Septemba, na mwombaji aje mwenyewe, asimame mbele ya watu.

Baada ya kuzisoma insha za watoto niliichukua barua yako ya Julai nikaisoma upya kwa kalamu nyekundu mkononi. Umeniambia wapi. Umeniambia tangu lini. Umeniambia kwa nini. Hukuniambia nani. Nani aliisoma, nani aliipiga chapa? Wewe ndiye uliyesema mtoto akikosa jibu la swali moja arudishwe akaulize.

Nimekurudisha.

Joviana

*

Rwamishenye,
15 Septemba 1974

Joviana

Nani? Mimi.

Niliisoma mimi, nikaipiga chapa mimi, watu wote walipokwenda kula mchana. Jina la mwombaji kwenye faili ni langu. Nimeanza barua hii mara sita kwa salamu na kila mara salamu inanipeleka kwingine, kwa hiyo naandika hivi hivi.

Unamkumbuka Rugemalira niliyekuwa nikikaa naye ofisini. Alikufa mwaka jana mwezi wa kumi. Hakuwa na kibanja kwao, aliacha sehemu yake kwa ndugu zake zamani, na ndugu zake wakakataa azikwe kibanjani. Jeneza lilikaa siku mbili kwenye chumba chake cha kupanga, kisha tukamzika makaburi ya mjini, watu tisa, na mmoja wao alikuwa mwenye nyumba aliyekuja kuuliza chumba kitaachwa lini. Mhaya mwenzangu, Joviana. Miaka thelathini ya kazi. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu.

Mwakani ninastaafu. Nina vyumba viwili vya kupanga na redio. Kibanja changu nilimwachia baba yako mwaka 1946 nilipokwenda chuo cha ualimu, na sikukiacha kwa wema, nilikiacha kwa kujivuna. Nilisimama mbele ya babu yako nikasema mimi mikono yangu haitashika jembe tena. Ningerudi vipi kumwambia kaka nirudishie? Angenirudishia, nalijua hilo, na ndilo nililoshindwa kulivumilia.

Nikajiambia Clavery amekufa. Nikajiambia yule mama naye hana siku nyingi. Mtu anaweza kujiambia mengi. Nilichokosa ni maelezo ya kujazia fomu, tarehe, mpaka, hali ya shamba. Halafu insha ya mtoto ikafika, kila kitu mahali pake. Ilikuwa nzuri hata nikajivunia wewe. Nikaiweka kando ya mashine, nikainakili. Ile habari ya babu yake kuzikwa katikati niliiruka. Vidole vyangu viliiruka.

Maswali kuhusu Mwalimu Josia niliyaandika nikijua hana kosa. Utamwambia au nimwambie mimi?

Ombi nimeliondoa Ijumaa. Tarehe 28 hatakuja mtu. Insha ya Kokuberwa imo humu ndani, haijakunjwa. Sijui cha kumwambia. Najionea aibu.

Ildefons

*

Muleba,
6 Oktoba 1974

Baba Mdogo,

Nilikaa na barua yako siku nne chini ya godoro. Nilikuchukia kwa siku tatu, niseme ukweli. Siku ya nne nilimsomea Baba, yote, pamoja na ile ya mwaka 1946.

Alichukua jembe. Alitoka. Nikadhani amekwenda kwa ndama. Nilipomfuata nilimkuta kwenye makaburi yetu, ameng'oa migomba miwili, anasawazisha ardhi kando ya Babu, upande wa kulia. Akasema, "Hapa ni pa Ildefons. Pamekuwa pake siku zote. Nani alimwambia amefukuzwa?" Akaendelea kusawazisha, akikohoa. Nilipojaribu kumsaidia alinikatalia.

Kwa Mwalimu Josia nilikwenda mwenyewe kuomba radhi, kwa kuwa ulimi uliomvamia ni wangu. Amenisamehe kwa kunipa zamu zake mbili za bustani ya shule. Lakini aliyemsingizia ni wewe, hiyo nimekuachia.

Zile insha arobaini na moja nimezirudisha darasani bila alama. Niliwaambia ukweli: kwamba waliandika kulinda nyumba ya mwenzao, na kwamba aliyewafikisha hapo ni mwalimu wao aliyeapa halafu akatuma karatasi mjini. Niliwaomba radhi nimesimama. Kokuberwa alichukua insha zake, ile ya kweli na ile ya uongo, akaziweka zote mbili kwenye daftari. Mlangoni akaniuliza, "Huyo mtu ni nani, Mwalimu?" Nikamwambia ni baba yangu mdogo. Akasema, "Yeye mwenyewe hawezi kusema?"

Kwa hiyo nilikwenda kwa Ma Kokubanza. Yumo bado katika nyumba ya mwanawe. Vijana wameuezeka ule upande uliokuwa wazi, na hasemi habari za kutoka. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimepiga magoti. Alimenya ndizi zake mpaka zikaisha. Nikamwuliza kama anaweza kukupokea. Akaniambia nikuandikie maneno yake yalivyo.

"Mwambie Ta Ildefons aje. Aje mchana. Asipite njia ya mtoni, apite katikati ya kijiji, watu wamwone anakuja kwangu."

Basi la Jumamosi linafika kwetu saa sita. Nitakusubiri barabarani, nitembee nawe.

Joviana